Mali ya Kabla ya Nikaha na Hukumu Yake Baada ya Talaka



Maimamu wetu huulizwa sana: mtu aliyeoa akiwa na nyumba yake, kisha akaacha, je, mtalaka wake ana fungu katika nyumba ile? Na mke aliyeingia na dhahabu na shamba la urithi, mume ana chochote?

Asili ya mas-ala haya ni kuwa akdi ya nikaha haihamishi milki. Aya ya 32 ya Suratun-Nisaa inampa kila mmoja, mwanamume na mwanamke, haki ya chumo lake. Basi aliyeingia na nyumba hutoka na nyumba yake. Mahari nayo ni milki ya mke, na aya ya 20 ya sura hiyo inamkataza mume anayeacha kunyang'anya alichompa, hata kikiwa mali nyingi. Mume anayezuia vitu vya mkewe ili amlazimishe kuomba khului anakula mali kwa batili.

Hapa ndipo wengi wetu huishia. Ugumu huanza mali ya mmoja inapoingia katika mali ya mwenziwe. Tuchukue mfano: bwana ana kiwanja na kuta nne kabla ya ndoa, bibi akauza bangili zake, nyumba ikaezekwa mabati na kuongezwa vyumba viwili. Baada ya miaka 15 anaambiwa: nyumba ni yangu tangu zamani, chukua nguo zako.

Jawabu limo katika sifa ya pesa zile. Zikiwa hiba iliyopokewa, zimekwenda. Zikiwa karadha, ni deni katika dhima ya mume, na talaka hailifuti. Ikiwa alimmilikisha sehemu ya nyumba kwa pesa hizo, bibi ana fungu lake. Na ikiwa bibi alijenga kwa vifaa vyake juu ya ardhi ya mume kwa idhini yake, pasipo sharti la kung'oa, mafakihi wa Kishafii huitazama katika mlango wa ariya: jengo ni la bibi, na mwenye ardhi halibomoi bila kulipa upungufu. Ama aliyetoa kimya kimya, bila idhini wala sharti la kurudishiwa, huhesabiwa amejitolea. Na hawa, kwa masikitiko, ndio wengi.

Katika vyombo vya ndani visivyo na ushahidi, Imam Malik na Imam Abu Hanifa huangalia kipi ni cha kike na kipi cha kiume. Imam Shafii hakulikubali hilo, kwani mwanamke huweza kurithi upanga; wote wawili huapa na vyombo hugawanywa nusu kwa nusu.

Sheria za nchi zina njia zake. Tanzania Bara, kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 huingiza katika mgao hata mali ya kabla ya ndoa, ikiwa mwenza mwingine au wote wawili wameiendeleza kwa kiasi kikubwa. Kenya, sheria ya mali ya wanandoa ya 2013 inamruhusu Muislamu kuhukumiwa kwa sharia ya dini yake, na huko kadhi atataka bayyina.

Kwa hiyo imam akiletewa kesi hii, asitosheke kuuliza nyumba ilijengwa lini. Aulize pesa zilitoka kwa nani na kwa neno gani. Aya ya 282 ya Suratul-Baqara, iliyoamrisha kuandika deni, haikuwatoa mume na mke. Siku bangili zinapouzwa, iandikwe karatasi mbele ya mashahidi.