Kuomba Viza ya Kazi ya Uingereza Ukiwa Oman: Mambo ya Kuhakikisha Kabla ya Kulipa

Mtanzania anayefanya kazi Muscat akipata mwajiri nchini Uingereza, swali lake la kwanza huwa: je, ni lazima nirudi Dar es Salaam kuomba viza? Jibu ni hapana. Viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi huombwa kupitia intaneti, na mwombaji hutoa alama za vidole na picha katika kituo cha kupokea maombi kilichopo katika nchi anamoishi kihalali. Hata hivyo, kuomba ukiwa nje ya nchi yako kuna masharti yake, na asiyeyajua hujikuta analipa fedha ambazo hakupaswa kulipa. Maelezo haya yanamhusu pia Mkenya au Mganda aliye katika hali kama hiyo.

Ukaazi wako ndio msingi

Jambo linalotazamwa ni mahali unapoishi, wala si pasipoti unayobeba peke yake. Hakikisha kadi yako ya ukaazi wa Oman ina muda wa kutosha kufunika kipindi chote cha kusubiri. Kwa kawaida uamuzi hutolewa ndani ya wiki 3 tangu kutoa alama za vidole, lakini huweza kuchelewa.

Kwa sababu ukaazi wa mfanyakazi Oman umefungamanishwa na mwajiri wake, tunawashauri waombaji wasiache kazi kabla uamuzi wa viza haujatoka. Anayejiuzulu mapema huhatarisha kazi aliyo nayo na ukaazi wake kwa pamoja, na ombi likikataliwa hana pa kurudi. Iwapo mwajiri anashikilia pasipoti yako, kumbuka kwamba pasipoti ni mali ya Serikali iliyoitoa. Ukikataliwa kuipata, wasiliana na ubalozi wa nchi yako kabla ya kulipia ombi.

Usijaribu kupita njia ya mkato kwa kwenda Uingereza na viza ya matembezi ili ubadilishe ukiwa huko. Sheria za Uingereza hazimruhusu mgeni wa matembezi kufanya hivyo. Atalazimika kutoka nje ya nchi na kuanza upya.

Hati ya udhamini

Huwezi kuomba viza hii bila hati ya udhamini kutoka kwa mwajiri mwenye leseni ya Serikali ya Uingereza. Hati hiyo si karatasi yenye mhuri. Ni kumbukumbu ya kielektroniki yenye namba ya pekee, nayo hutumika ndani ya miezi 3 tangu kutolewa. Orodha ya waajiri wote wenye leseni imewekwa wazi na Serikali ya Uingereza katika tovuti yake, na kuisoma hakuna malipo. Mwajiri asiyeonekana katika orodha hiyo hawezi kukudhamini, hata kama barua yake inapendeza namna gani.

Hapa ndipo hasara kubwa hutokea. Mawakala wengi wasio waaminifu huuza kile wanachokiita hati ya udhamini. Msomaji azingatie mambo matatu:

Kwanza, ipo tozo ambayo Serikali ya Uingereza humtoza mwajiri kwa kumwajiri mgeni, na sheria inamkataza kumhamishia mfanyakazi mzigo huo.

Pili, kwa hati za udhamini zilizotolewa tangu tarehe 31 Desemba 2024, mwajiri haruhusiwi kumdai mfanyakazi gharama ya hati hiyo.

Tatu, tangu tarehe 22 Julai 2025, Uingereza imefunga njia ya kuajiri kutoka nje wahudumu wa kutunza wazee na wagonjwa. Anayekuahidi kazi hiyo kwa viza mpya leo anakudanganya. Wauguzi waliosajiliwa bado wana njia yao.

Nyaraka kutoka nchi mbili

Anayeomba akiwa ugenini hulazimika kukusanya nyaraka kutoka sehemu zaidi ya moja. Kwa kazi za afya, elimu na huduma za jamii, huhitajika hati ya polisi kutoka kila nchi uliyoishi kwa miezi 12 au zaidi katika miaka 10 iliyopita, ukiwa na umri wa miaka 18 au zaidi. Muuguzi aliyefanya kazi Tanga na baadaye Muscat atahitaji hati ya polisi wa Tanzania na ya polisi wa Oman. Anza na ile ya nyumbani, kwa kuwa kuifuatilia kwa mbali huchukua muda.

Kuhusu kifua kikuu, Tanzania, Kenya na Uganda zimo katika orodha ya nchi ambazo wakazi wake hupimwa, Oman haimo. Aliyeishi Oman kwa miezi 6 au zaidi hahitaji cheti cha kipimo, mradi hajaondoka huko kwa zaidi ya miezi 6. Akirudi nyumbani na kukaa kupita muda huo, atapimwa katika kliniki iliyoidhinishwa.

Nyaraka ambazo hazikuandikwa kwa Kiingereza, ziwe za Kiarabu au za Kiswahili, ziambatanishwe na tafsiri inayoonyesha tarehe, jina kamili, saini na mawasiliano ya mfasiri, pamoja na kauli yake kwamba tafsiri ni sahihi.

Gharama na viwango

Mshahara kwa kazi nyingi za njia hii haupaswi kupungua pauni 41,700 kwa mwaka, ingawa kazi za afya na elimu zina viwango vyake. Tangu tarehe 8 Januari 2026, mwombaji mpya huthibitisha Kiingereza cha ngazi ya B2. Mbali na ada ya viza, hulipwa mchango wa huduma za afya wa pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza. Wenye viza ya wahudumu wa afya wamesamehewa. Isipokuwa mwajiri amekubali kukugharimia mwanzoni, onyesha pauni 1,270 zilizokaa benki siku 28 mfululizo.

Ombi likikataliwa, mchango wa afya hurudishwa, ila ada ya viza hairudishwi. Viwango hivi hubadilika, hivyo vihakiki katika tovuti ya Serikali ya Uingereza siku unayolipa.

Lipa wewe mwenyewe, kwa kadi yako au ya mtu unayemwamini, moja kwa moja katika mfumo rasmi. Hifadhi kila stakabadhi na kila ujumbe wa wakala. Ukitapeliwa, kumbukumbu hizo ndizo zitakazowawezesha polisi na ubalozi kukusaidia.