Daraja za Saumu katika Fikra ya Al-Ghazali

Neno "saumu" limetokana na Kiarabu, na maana yake ya msingi ni kujizuia. Katika Kurani (19:26) linahusu nadhiri ya Maryamu ya kutosema na watu. Ni dhahiri, basi, kwamba kujizuia huko hakukomei kwenye chakula na kinywaji.

Upana huo wa maana unajitokeza katika *Ihya Ulum al-Din*, kitabu cha Abu Hamid al-Ghazali (1058–1111), mwanachuoni wa Tus. Humo saumu imegawanywa katika daraja tatu. Ya kwanza, ya watu wote, ni kulizuia tumbo na matamanio ya mwili. Ya pili, ya wateule, huongeza jicho, ulimi, sikio, mkono na mguu. Ya tatu, ya wateule wa wateule, ni ya moyo: kuutenga na kila fikra isiyomhusu Mwenyezi Mungu.

Kwa mgawanyo huo Al-Ghazali hatangui hukumu za fikihi. Kwa mafakihi walio wengi, saumu ya msengenyaji husihi maadamu masharti ya dhahiri yametimia. Kwake yeye, kusihi si kukubaliwa. Ndiyo maana hutahadharisha hata juu ya futari: anayefidia usiku yote aliyoyakosa mchana amebadilisha saa za kula tu, na matamanio yake yamebaki yalivyokuwa. Na kwa kuwa kukubaliwa hakujulikani, moyo wa aliyefunga hupaswa, baada ya kufuturu, kubaki kati ya hofu na matumaini.