Kijana Aliyetumwa Ng'ambo Kutafuta Elimu

Zamani za Malkia Elizabeth wa Kwanza, kijana wa jamaa kubwa katika Uingereza hakuhesabiwa kuwa ameelimika kwa kusoma vitabu tu. Ilimpasa avuke bahari, ajifunze lugha za watu na kuona jinsi wafalme wengine wanavyotawala. Lakini hakuweza kuondoka apendavyo; sharti apate ruhusa ya Malkia.

Mwezi wa Mei, mwaka wa 1572, Philip Sidney, kijana wa miaka 17, alipewa ruhusa hiyo. Iliandikwa kwamba anakwenda kujifunza lugha za kigeni kwa muda wa miaka miwili, pamoja na watumishi watatu na farasi wanne.

Mjini Paris alipokewa kwa heshima, hata Mfalme Charles wa Tisa akampa cheo cha Baroni. Lakini siku zile palikuwa na uadui mkali katika Ufaransa baina ya Wakatoliki na Waprotestanti. Alfajiri ya tarehe 24 Agosti, sikukuu ya Mtakatifu Bartholomayo, Waprotestanti walianza kuuawa majumbani na njiani, na waliokufa mjini walikuwa maelfu. Sidney, naye Mprotestanti, alisalimika nyumbani kwa Francis Walsingham, balozi wa Uingereza. Somo hilo halikuwamo katika ruhusa ya Malkia.

Kutoka huko alikwenda Ujerumani, akashikamana na Hubert Languet, Mfaransa mwenye umri uliopita miaka 50, mjumbe wa mtawala wa Saxony. Mzee huyu ndiye aliyekuwa chuo chake hasa. Sidney alipokuwa Venice na Padua waliandikiana kwa Kilatini. Kwa shauri la mzee, kijana aliazimu kuchukua barua ya Cicero, kuifasiri kwa Kifaransa, kisha kwa Kiingereza, kisha kuirudisha katika Kilatini. Aliyepata kufasiri hata ukurasa mmoja ataijua taabu yake! Languet alimwonya asizame mno katika jiometri, kwa kuwa alimwona ni mtu asiye na furaha nyingi, akamhimiza ajifunze Kijerumani. Sidney alijibu kwamba lugha hiyo imemshinda. Lakini mzee alipotaka picha yake, alikubali kuchorwa na Veronese, fundi mashuhuri wa Venice.

Alirudi kwao mwaka wa 1575, na miaka miwili baadaye Malkia akamtuma kuwa balozi kwa Kaisari Rudolf wa Pili, naye hajatimiza miaka 23.

Ndugu yake Robert alipofikiwa na zamu ya kusafiri, Sidney alimwandikia barua. Alisema wengi husafiri bila kujua wanakwenda kutafuta nini, wakarudi na mitindo ya mavazi tu. Akamwagiza atazame bandari za kila nchi, merikebu zake, ngome zake na mapato yake, na jinsi nchi hiyo iwezavyo kuwadhuru au kuwafaa jirani zake.