Kuhamisha Rehani ya Nyumba: Sahihi Mbili, Hesabu Moja

Mapenzi ya siku hizi yana mambo. Zamani wachumba waliulizana kuhusu mahari na idadi ya watoto. Leo wanandoa vijana wanaulizana, "Hivi mkopo wetu wa nyumba riba yake ni asilimia ngapi?" Na ukimpata anayejibu bila kwenda kufungua kabati la makaratasi, mpe mkono.

Hapa Katesh, chini ya Mlima Hanang, afisa mikopo anaweza kukupigia simu ukiwa bado unakunywa chai: "Hamia kwetu, tunanunua mkopo wako, riba yetu nafuu." Kwangu simu hiyo ilishalia. Kabla ya kujibu, mimi na mume wangu tuligawana kazi. Yeye akachukua kikokotoo, mimi nikazunguka kwa mwanasheria, kwa mthamini na kwa watu wa ardhi. Haya ndiyo niliyorudi nayo.

NI MKATABA MPYA KABISA

Benki mpya inalipa deni lako kule benki ya zamani. Rehani ya zamani inafutwa kwenye daftari la Msajili wa Hati, na nyingine inaandikwa kwa jina la benki mpya. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inampa mkopaji haki ya kulipa deni na kufutiwa rehani, na pia kuomba kwa maandishi rehani ihamishiwe kwa mkopeshaji mwingine.

Nyumba ni ile ile, lakini mkataba ni mpya, na mara nyingi deni nalo limeongezwa "kidogo" la kununulia gari au kujazia duka. Wengi wanajichanganya hapo. Wanadhani kwa kuwa mama watoto alisaini mwaka ule, basi sahihi yake inatosha mpaka mwisho wa dunia. Haitoshi.

SAHIHI YA MWENZA SI MAPAMBO

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamkataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja tu. Sheria ya Ardhi nayo, kifungu cha 114, inasema rehani ya nyumba ya ndoa ni halali pale tu iliposainiwa au kuridhiwa na mkopaji pamoja na mwenza anayeishi humo. Kwa ndugu zetu wenye mke zaidi ya mmoja, ni wake wote wanaoishi katika nyumba hiyo.

Marekebisho ya 2008 yalikaza zaidi. Mkopaji lazima aseme kama ana mwenza, na benki lazima ichukue hatua za kuhakikisha. Anayedanganya kwa makusudi anatenda kosa la jinai. Kwa hiyo kaka, ule mchezo wa kujiandika "sijaoa" ili mambo yaende haraka uache kabisa.

Na nyie mnaoishi pamoja bila cheti? Sheria ya Ndoa inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawatambua kama mke na mume, mahakama itachukulia kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Dada, ukiletewa karatasi jioni ukaambiwa, "weka sahihi hapa, kesho benki wanafunga saa tisa," mwambie karatasi ilale nyumbani. Soma kiasi cha mkopo, muda na riba. Ukiona kuna jambo linafichwa, kifungu kile cha 59 kinakupa haki ya kulinda maslahi yako kwa kuweka kaveati kwa Msajili, yaani zuio la kisheria, hata kama jina lako halimo kwenye hati.

SAFARI YA MAKARATASI

Kwanza, omba benki ya zamani taarifa ya maandishi ya salio la kumaliza deni, pamoja na tozo zote. Pili, pata barua ya ofa kutoka benki mpya. Tatu, mthamini aliyesajiliwa anakuja kuipima nyumba. Ripoti yake itakuwa na thamani ya soko na thamani ya kuuza kwa haraka. Usishangae benki ikiangalia ile ndogo.

Nne ni upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, kuona kama kuna zuio au deni jingine. Tangu 2020 mikoa ina ofisi zake za ardhi, hivyo sisi wa Hanang na wenzetu wa Mbulu tunaelekea Babati. Beba risiti za kodi ya pango la ardhi. Anayedaiwa atakwama hapo hapo.

Tano, wakili anaandaa hati ya rehani, wanandoa wanasaini mbele yake, na kiapo cha ridhaa kinaambatanishwa. Sita, benki mpya inalipa ile ya zamani, ambayo inaachia hati na kusaini fomu ya kufuta rehani. Saba, rehani mpya inasajiliwa. Ukimaliza, fanya upekuzi mwingine mwenyewe, uone kwa macho yako kuwa jina la benki ya zamani limetoka.

Kumbuka, wakili wa benki ni wa benki. Kama mfuko hauruhusu wakili wako, wapo wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Watakusomea mkataba na kukueleza bila malipo.

MFUKO UNATOBOKEA WAPI?

Hesabu gharama hizi: tozo ya kumaliza mkopo kabla ya muda, ada ya kushughulikia mkopo mpya, mthamini, wakili, upekuzi, ushuru wa stempu, ada za kufuta na kusajili rehani, bima, na nauli za Babati. Ukitajiwa bei ya wakili au mthamini, uliza kama VAT imo ndani. Kanuni za Benki Kuu za 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinaitaka benki ikuwekee gharama wazi kabla hujasaini. Usione aibu kuuliza.

HESABU YA MEZANI

Mwaka 2010, ilipoanzishwa TMRC, kampuni inayozipa benki fedha za muda mrefu za mikopo ya nyumba, riba zilikuwa kati ya asilimia 22 na 24. Baadaye zikashuka hadi kati ya 15 na 19. Ndiyo maana mwenye mkopo wa zamani anatamani kuhama.

Tuseme umebakiwa na deni la shilingi milioni 30 na miaka 10, kwa riba ya asilimia 19 inayokokotolewa kwenye salio linalopungua. Kwa mwezi unalipa kama shilingi 560,000. Ukihamia asilimia 15 kwa miaka ile ile 10, utalipa kama 484,000. Umeokoa 76,000 kila mwezi. Kama gharama zote za kuhama ni milioni 2, zitarudi baada ya miezi 27 hivi, na kuanzia hapo ni faida tupu.

Sasa angalia mtego. Afisa anakwambia, "Tukupe miaka 15, upumue." Rejesho linashuka hadi 420,000, na mnafurahi. Lakini jumla utakayolipa ni karibu milioni 75.6, wakati ungebaki kwenye riba yako ya asilimia 19 ungelipa milioni 67.2. Umepunguziwa riba na bado umelipa zaidi ya milioni 8 za ziada!

MLIMA ULITUFUNDISHA

Tarehe 3 Desemba 2023, alfajiri ya Jumapili, tope na mawe yalishuka kutoka Mlima Hanang na kuingia Katesh na vijiji jirani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha, na nyumba zikaondoka na kila kilichokuwamo. Siongezi neno, majeraha bado mabichi.

Ila kwa mwenye rehani kuna jambo la kushika. Nyumba ikiondoka, deni haliondoki nayo. Bima ya mkataba wa zamani haikufuati benki mpya, na bima ya moto peke yake haimaanishi mafuriko na maporomoko yamo. Uliza kwa maneno hayo hayo na ujibiwe kwa maandishi. Uliza pia bima ya maisha ya mkopo inamhusu nani: baba peke yake, au wote wawili ambao mishahara yao inalipa?

MKIKWAMA KULIPA

Benki haiwezi kuamka na dalali tu. Lazima itoe notisi ya siku 60, na mnada nao utangazwe angalau siku 14 kabla. Siku hizo ni za kuongea na benki, au kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kama kuna haki imevunjwa. Tatizo ni pale mmoja anapoificha notisi kwenye droo ili "asimpe mwenzake presha". Jamani, presha ya kweli ni kumuona dalali getini.

DONDOO ZA KUBANDIKA KWENYE FRIJI

• Linganisheni jumla yote, msiangalie rejesho la mwezi tu.
• Muda mpya usizidi muda uliobaki, labda kwa sababu mnayoijua wote.
• Pesa ya nyongeza iandikwe matumizi yake kabla haijaingia.
• Kila mmoja abaki na nakala ya mkataba.
• Sahihi zote mbili, au msisaini kabisa.

Nyumbani kwangu tulipiga hesabu yetu na ikaleta faida kwa muda ule ule, bila nyongeza. Tukakubali. Yako inaweza kutoa jibu tofauti, kwa hiyo kabla hujampigia afisa mikopo, mwite mwenzako mezani na mwanze na kikokotoo.