Kupima Bei ya Kitabu cha Kale

Watu wengi hudhani kwamba kitabu kikizeeka hupanda bei. Sivyo, bei hutokana na uchache wake na haja ya wanunuzi. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza ya Frederick Johnson ilitolewa mwaka 1939, lakini imepigwa chapa mara nyingi, basi si adimu. Ndiyo aliyotuachia babu, na baba alinituma niiuze nipate nauli ya kurudi shuleni.

Kwanza funueni ukurasa wenye jina la kitabu, mtazame nyuma yake. Hapo huandikwa mwaka wa chapa ya kwanza na wa zile zilizofuata. Yetu ilikuwa ya baadaye. Kisha hesabuni kurasa zote, maana ukikosekana mmoja tu bei huanguka, na angalieni kama mchwa wamepita. Jina la mwenye kitabu msilifute, kwani kufuta huchuna karatasi. Tena tafuteni muhuri wa maktaba. Ukiwapo, na hapana alama ya kwamba kitabu kimeondolewa rafuni kwa idhini, basi kina mwenyewe, kirudisheni.

Katika intaneti niliona wauzaji wakitaka pesa nyingi mno. Lakini bei inayotakwa si bei iliyolipwa! Mchuuzi wa kwanza wa vitabu vya mitumba alitaja shilingi 8,000. Wa pili alifunua kurasa mpaka mwisho, akaona hapana iliyopungua, akatoa 15,000. Nauli ilikuwa 12,000.