Krismasi ughaibuni: Tuhurumiane, na sisi wenyewe tujihurumie

Na Mwandishi Wetu, Langley Park, Maryland

IKIFIKA Desemba, mtu wa Kilimanjaro anayeishi Dar es Salaam hana swali la kujiuliza. Anafunga mizigo, anapanda basi, na baada ya kilomita zipatazo 560 yuko Moshi. Hata treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi, iliyokuwa imelala kwa takribani miaka 25, ilifufuliwa mwezi huo huo, Desemba 2019. Huko juu migombani mbuzi anachinjwa, kisusio kinapikwa, mbege inamiminwa, na ndugu waliogombana mwaka mzima wanakalishwa na wazee wayamalize.

Kwetu sisi tulioko huku, hasa tuliokimbia na ambao hatuwezi kurudi, Desemba ina sura nyingine. Jua la Washington na vitongoji vyake linazama kabla ya saa 11 jioni. Unaingia kazini gizani, unatoka gizani. Na kwa kuwa nyumbani wametutangulia kwa saa nane, wao wanapoingia kwenye mkesha, wewe bado unabeba boksi.

Langley Park, ninapoishi, ni mahali pa watu wa aina yetu. Sensa ya 2020 ilihesabu hapa wakazi zaidi ya 20,000, wengi wao wakiwa na asili ya Amerika ya Kati: Guatemala na El Salvador. Waafrika nasi tumo. Ukisimama kwenye kituo cha mabasi kilichofunguliwa Desemba 2016, pale New Hampshire Avenue inapokutana na University Boulevard, utawaona alfajiri wapishi, wajenzi na wahudumu wa wazee wakisubiri basi kimya kimya, kila mtu na simu yake mkononi.

Simu hizo ndizo zilizonifanya niandike makala haya.

Desemba ya mwaka 2022 nilikuwa nimeishiwa. Zamu zilipunguzwa kazini, na nilikuwa na deni la pango. Mdogo wangu akaanza kupiga simu kutoka Marangu. Nikajua tu: Krismasi imefika, anataka hela ya mbuzi. Sikupokea. Akapiga tena kesho yake, sikupokea. Nilijiambia nitampigia nikipata kitu cha kumwambia. Zilipita siku nne.

Siku ya tano aliandika ujumbe: "Kaka, shangazi amefariki. Alikuwa anakuulizia."

Ni shangazi huyo aliyenilea baba alipofariki. Hakutaka mbuzi wala dola. Alitaka kunisikia. Amezikwa kihambani, kama ilivyo desturi yetu, mimi nikiwa nimekaa kwenye kitanda Langley Park, siwezi hata kupanda ndege kwenda kutupa udongo.

Kwa siku kadhaa nilijifungia ndani. Usiku wa Desemba 24 jirani yangu, mama wa Kiguatemala ambaye Kiingereza chake ni kama Kihispania changu, akagonga mlango. Aliniona macho, hakuuliza kitu. Akanipa sahani ya tamales, chakula cha unga wa mahindi na nyama ambacho wao hukipika mkesha wa Krismasi. Kwao hukifunga kwa majani ya mgomba. Nilipofungua jani lile lenye mvuke, nikasikia harufu ya kihamba chetu. Nililia mpaka nikamaliza. Kisha nikala, nikampigia mdogo wangu, nikamwomba radhi. Akasema, "Kaka, mbona ungesema tu kwamba huna?"

Ndugu msomaji, ningesema tu kwamba sina. Lakini wengi wetu tumejengewa, na sisi wenyewe tumejijengea, picha ya mtu wa Marekani asiyeishiwa. Hebu tupige hesabu. Kima cha chini cha mshahara hapa Maryland kilifika dola 15 kwa saa Januari 2024. Saa 40 kwa wiki ni dola 600, kabla ya kodi. Pango peke yake linameza mshahara wa wiki mbili au zaidi. Na kuanzia Januari 1, 2026, anayetuma nje kwa pesa taslimu anakatwa ushuru wa asilimia 1 chini ya sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025.

Mlioko nyumbani, yajueni hayo kabla ya kununa. Nasi tulioko huku tukumbuke kwamba anayeomba Desemba mara nyingi si mlafi. Januari shule zinafunguliwa, na ada, sare na daftari vinamsubiri mlangoni. Aibu yake ya kuomba inaweza kuwa kubwa kuliko yetu ya kukosa.

Basi tukubaliane mambo machache. Pokea simu hata kama mfuko ni mtupu. Tuma ulichonacho, usikope kwa kadi ili uonekane. Ukikosa, sema mapema, wajipange. Gonga mlango wa yule Mbongo anayeishi peke yake, mpelekee hata pilau ya jana. Ukiona giza limeingia mpaka moyoni, usilifiche: namba 988, inayofanya kazi nchini Marekani tangu Julai 2022, hupigwa bure saa 24, na hakuna anayehitaji kuwa kichaa ndipo aipige.

La mwisho ndilo lililonishinda kwa muda mrefu: kujisamehe. Nimeshindwa kulimaliza lote. Lakini kila Desemba 24, ikifika saa 10 jioni hapa, nyumbani ikiwa saa 6 usiku, nampigia mdogo wangu. Mwaka mwingine nina cha kutuma, mwaka mwingine sina. Anapokea, ananisogezea simu nisikie watu wakiimba, na tunaongea mpaka salio liishe.

Nawatakieni Krismasi njema, nyumbani na ughaibuni.