Ajuaye Kanuni Asiweze Kuifuata
Katika jaribio lililobuniwa na Philip Zelazo na wenzake miaka ya 1990, mtoto wa miaka 3 hupewa kadi za sungura na mashua, nyekundu na buluu, azipange kwa rangi. Huzipanga barabara. Kisha huambiwa azipange kwa umbo. Akiulizwa kanuni mpya, huitaja bila kusita. Mkono, hata hivyo, aghalabu huendelea kufuata rangi!

Huo si ukaidi. Sehemu ya mbele ya ubongo, idhibitiyo mazoea, hukomaa polepole mno, hata kupita umri wa miaka 20. Mwalimu anayekimbilia kiboko, ambacho Kenya ilikipiga marufuku shuleni mwaka 2001, humwadhibu mtoto kwa kukosa uwezo ambao bado unachipuka. Wafikapo miaka 5, wengi huweza kubadili kanuni, bila kuchapwa.